Treni ina viti 20: niuze kadi za kupita mbele siku ya Idi?

SWALI: Asalaam aleikum mtaalamu. Mimi na mume wangu tuna kiwanja cha michezo ya watoto hapa Tanga, upande wa Ngamiani. Tuna treni ndogo ya umeme, jumba la hewa la kurukia, bembea za kuzunguka, na kibanda changu cha viazi karai, bajia na juisi ya ukwaju. Kinachogombewa ni treni. Ina viti 20, na mzunguko mmoja, kupakia na kushusha humo humo, ni dakika 10. Tiketi ni shilingi 2,000. Idi iliyopita foleni ilifika barabarani, watoto wakalia, akina mama wakarushiana maneno. Shemeji yangu anaishi Marekani na sasa yuko nyumbani kwa likizo. Anasema kule Orlando, mji wa viwanja vikubwa vya michezo, watu wanalipia kupita mbele na hakuna anayenung'unika, basi na sisi tuuze kadi ya haraka kwa shilingi 10,000. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema mtaa mzima utatusema. Nimesikia pia kuna foleni ya kwenye simu, na hiyo ni ya bure. Lakini wateja wangu wengi ni watoto waliopewa mkono wa Idi, simu wataitoa wapi? Nifanyeje? — Mama wa treni, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, Mama wa treni, na Idi njema mapema. Kazi yangu ni kupanga foleni, za vivukoni, za kaunta na za viwanja vya burudani, na nimefurahi kwamba swali lako limekuja na namba zake. Viti 20, dakika 10. Kuna wenye viwanja vikubwa kuliko chako ambao ukiwauliza treni yao inabeba watoto wangapi kwa saa, wanakutazama tu.

Basi tuanzie hapo, shemeji na mume wasubiri kidogo. Mzunguko wa dakika 10 ni mizunguko sita kwa saa, na sita mara ishirini ni watoto 120. Hiyo ndiyo mali yako yote. Foleni ikiwa na watoto 150, yule wa mwisho atafikiwa baada ya saa moja na robo, na hakuna maneno matamu ya kijana wa getini yatakayompunguzia hata dakika moja. Hesabu hii wenyewe wanaiita kanuni ya Little, kwa jina la John Little, Mmarekani aliyeithibitisha mwaka 1961. Inatawala foleni za benki, za bandarini na za treni yako bila kubagua.

Sasa tia kadi za shemeji. Tuseme kila mzunguko viti 5 ni vya wenye kadi. Waliosimama kwenye foleni wamebakiwa na viti 15, yaani watoto 90 kwa saa, na mtoto yule yule wa mwisho sasa anasubiri saa moja na dakika 40. Biashara ikanoga, ukatoa viti 10. Foleni ya kawaida inakwenda watoto 60 kwa saa, na mtoto wako wa mwisho anasubiri saa mbili na nusu. Itazame tena hiyo hesabu. Ulipotoa robo ya viti, subira iliongezeka dakika 25. Ulipotoa nusu, iliongezeka dakika 75. Viti umeongeza mara mbili, machungu yameongezeka mara tatu.

Kadi ya kupita mbele haizai kiti. Ni sawa na sufuria ya pilau: wageni wa sebuleni wakipakuliwa kwanza, wamekula mapema, lakini sufuria ni ile ile na walioko uani wamesogezewa ukoko. Kila dakika anayookoa mwenye kadi imetoka kwa mtoto aliyesimama juani, na mimi hupenda mwenye kiwanja alijue hilo kabla hajachapisha kadi hata moja.

Hata hivyo shemeji si mjinga. Viti 5 kwa mzunguko ni 30 kwa saa. Kwa bei ya kawaida vinakupa 60,000, na kwa bei yake vinakupa 300,000. Vikinunuliwa vyote, jioni ya saa nne inakuachia ziada ya 960,000. Hizo ni pesa za kweli, na sitajifanya sizioni. Tena nikuambie jambo ambalo mume wako pengine hatalipenda: maadamu foleni ipo, treni itajaa kwa vyovyote, kwa hiyo familia inayochoka na kuondoka haikupunguzii hata shilingi ya treni jioni ile. Hasara inakuja kwa mlango mwingine. Inakuja kwenye kibanda chako, kwa sababu aliyebanwa kwenye foleni hatoki kwenda kununua viazi karai. Na inakuja Idi pili, Idi tatu na Idi ya mwaka ujao, kwa sababu mama aliyesimama saa mbili na nusu huku akimwona mtoto wa jirani akipandishwa mara tatu hatasahau. Ngamiani si Orlando. Kule mtu aliyepitwa hatamwona tena aliyempita. Kwenu watakutana sokoni kesho yake asubuhi.

Sasa habari za huko Marekani, maana shemeji amezileta nusu.

Kampuni ya Disney, yenye viwanja vikubwa vya michezo, ilianza mfumo wake wa kupita mbele uitwao FastPass mwaka 1999, na ulikuwa wa bure. Ulianzia Florida, jimbo la huo mji wa Orlando, katika bustani yao ya michezo ya Animal Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1998, na mchezo mmojawapo wa mwanzo kabisa kuupata unaitwa Kilimanjaro Safaris. Unaingilia mji wa kubuni uitwao Harambe, uliojengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu, Lamu hasa, na wahudumu wanakusalimu «Jambo». Yaani foleni ya kisasa ya Wamarekani ilipewa jaribio lake kwenye barabara ya bandia ya Waswahili, watu wakisubiri zamu ya kuona twiga. Nacheka kila nikikumbuka.

Ulikuwa unafanya kazi hivi. Unachomeka tiketi yako ya kiingilio kwenye mashine iliyopo nje ya mchezo, inakutolea kikaratasi kilichoandikwa muda wa kurudi, upana wake saa nzima. Unakwenda zako kula, kununua fulana, kupanda kitu kingine. Ukirudi ndani ya saa yako unaingilia mlango wa pembeni na kusubiri dakika chache. Hakukuwa na simu, na hakukuwa na malipo. Disney hawakufanya hivyo kwa huruma tu. Mtu aliyesimama kwenye foleni hanunui kitu, na aliyeachiwa huru saa moja ananunua. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye bajia zako.

Baadaye wakahamishia mambo kwenye simu na bangili za kielektroniki. Ikawa wageni wanaweka nafasi siku 30 kabla ya kufika, na waliolala kwenye hoteli za Disney zenyewe siku 60 kabla. Ugonjwa wa korona ulipofunga kila kitu mwaka 2020, mfumo wa bure haukurudi tena. Oktoba 2021 walileta mwingine wa kulipia, Florida ukianzia dola 15 kwa mtu kwa siku, na michezo mikubwa kabisa ikauzwa mmoja mmoja kwa bei yake. Julai 2024 wakaubadilisha jina. Oktoba mwaka huo huo wakaongeza kadi ya juu zaidi, Lightning Lane Premier Pass, ambayo Florida ilianza kwa bei ya dola 129 mpaka 449 kwa mtu mmoja, kutegemea bustani na siku, juu ya kiingilio, na kila mchezo unaingia mara moja tu. Hizo za chini tayari ni zaidi ya laki tatu za kwetu kwa kichwa kimoja. Kusema hakuna anayenung'unika, shemeji amekutania. Bure ilipogeuka kulipia, wateja wao wa miaka yote walilalamika mno, na wanalalamika mpaka leo.

Wala si wote wanaofuata njia hiyo. Europa-Park ya Ujerumani ina foleni ya kwenye simu isiyolipiwa kwa baadhi ya michezo yake. Tokyo Disneyland ilianza kuuza nafasi za haraka mwaka 2022, kisha mwaka 2023 ikaleta na pasi ya bure kwa michezo mingine, kwa hiyo mwenye yeni na asiye nazo kila mmoja ana mlango wake. Kampuni ya Universal, kule kule Orlando, wanauza kadi yao ya kupita mbele kwa bei inayobadilika kulingana na siku, lakini wanaolala kwenye hoteli zao tatu za bei ya juu wanaipata pamoja na chumba.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kuliko zote hizo, na shemeji aliyeingia kule kama mgeni hakuwa na sababu ya kuiona. Kule unalipa getini mara moja, zaidi ya dola mia, halafu michezo yote ndani ni bure. Kiti hakina bei, kwa hiyo kinagombewa kwa miguu: anayestahimili kusimama ndiye anayepata. Kadi ya haraka imerudisha bei kwenye kiti kwa mlango wa nyuma. Zamani haikuwa hivyo. Disneyland ya kwanza, California, ilipofunguliwa mwaka 1955 ilikuwa kama kiwanja chako, unalipia mchezo mmoja mmoja. Walikuwa na vitabu vya tiketi za herufi, A kwa michezo midogo, na kufikia mwaka 1959 wakawa wamefika herufi E kwa ile mikubwa. Mpango huo ulikoma mwaka 1982. Wewe, Mama, kiti chako kina bei tayari, 2,000, na kila mpandaji ameilipa. Ukiuza kiti hicho hicho kwa 10,000 kwa mtu aliyefika nyuma yake, unachofanya ni kuwa na bei mbili za kitu kimoja kwa wakati mmoja, mbele ya macho ya waliolipa ile ndogo. Mume wako analiita hilo kusemwa na mtaa. Mimi naliita kasoro ya bei, ila tumefika pale pale.

Kama ni pesa tu mnazitafuta, fanyeni bei ifuate saa. Asubuhi ya Idi baada ya swala watu wako kwenye kutembeleana na kula, treni inazunguka nusu tupu. Iwe 1,000. Kuanzia saa kumi jioni iwe 2,500. Kila anayekuja saa ile analipa sawa na mwenzake, wenye watoto wadogo watakuja asubuhi wenyewe, na foleni ya jioni itapungua bila kumpitisha mtu mbele. Bandika ubao mapema, siku tatu kabla, msije mkaonekana mmepandisha bei kwa kuona umati.

Tuje kwenye foleni ya bure, maana hapo ndipo utakapopata nafuu yako. Kwanza tenganisha vitu vitatu ambavyo watu wanaviita kwa jina moja. Viwanja vya Six Flags vya Marekani kwa miaka mingi vilikuwa vikiuza kadi ya Flash Pass kwa ngazi. Ya chini ilikushikia nafasi tu: kama foleni ni saa moja, na wewe unasubiri saa moja, ila si lazima uwe umesimama. Ya kati ilikupunguzia subira mpaka nusu. Ya juu ilikupunguzia mpaka asilimia 90. Hiyo ya kwanza haimnyang'anyi mtu chochote, kwa sababu mwenye kadi anaingia pale pale ambapo angefika kwa miguu. Hizo mbili nyingine ndizo zinazokula zamu za wengine. Wewe ichukue ya kwanza, uitoe bure, na hutahitaji simu hata moja.

Chukua kadi ngumu za rangi. Gawa jioni yako kwa nusu saa: kila nusu saa ina mizunguko mitatu, viti 60. Katika hivyo 60, toa kadi 40 tu, na 20 waachie wanaosimama kwenye foleni bila kadi. Kila nusu saa iwe na rangi yake na muda wake umeandikwa kwa saa zetu, kwa maandishi makubwa: saa kumi hadi kumi na nusu, saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja. Si saa za simu. Mtoto wa miaka tisa akisoma 16:30 atarudi usiku au hatarudi.

Utauliza kwa nini usigawe zote 60. Ukigawa zote, anayefika saa kumi na moja kutoka Pongwe au Muheza, ametoa nauli, ameshika mkono wa mtoto, anaambiwa kadi zimekwisha, rudi kesho. Disney walilipata hilo. Desemba 2019 walifungua Florida mchezo wao mkubwa wa filamu za Star Wars uitwao Rise of the Resistance, na kwa muda mrefu hukuweza kabisa kusimama kwenye foleni yake. Ulipaswa kupata kundi la kuingia kupitia simu, bure, kwa saa iliyopangwa. Makundi yalikuwa yakiisha ndani ya dakika, siku nyingine hata sekunde. Mtu ametoka mbali na familia, ametoa fedha nyingi, mtandao ukasita kidogo, basi hatauona mchezo aliofuata. Mfumo wa bure unaweza kuwa katili kuliko wa kulipia, tofauti ni kwamba unawaumiza wenye vidole vizito badala ya wenye mifuko myepesi. Ile foleni ya kusimama ibaki, hata kama ni ndefu. Ni haki ya aliyechelewa.

Sababu nyingine ya kuacha viti 20 wazi ni umeme. Ukikatika dakika 15 kabla hamjawasha jenereta, una mzunguko mmoja na nusu umepotea, na kama kadi zilijaza kila kiti, kila rangi inayofuata itakuwa nyuma mpaka usiku. Ukiwa na viti vya akiba, wenye kadi unawapitisha na foleni ya kusimama ndiyo inayobeba mshtuko. Nayo iambie ukweli kwa kipaza sauti.

Magharibi usitoe kadi. Nusu saa ile iache tupu kwenye mpango wako, treni isimame, vijana wako wakaswali, wateja vilevile. Nimeona ratiba za shughuli zetu za pwani zilizopangwa kana kwamba adhana ni dharura iliyozuka tu.

Kadi iende kwa mtoto, si kwa mtu mzima anayesema «nipe kumi, watoto wako nyuma». Ifunge mkononi kwa uzi au tumia bangili za karatasi. Mkono mmoja, kadi moja, na akishaitumia ndipo achukue nyingine. Universal wana kiwanja cha michezo ya maji Orlando kiitwacho Volcano Bay, kilichofunguliwa Mei 2017, ambako kila mgeni anavaa bangili isiyoingia maji, anaigusisha kwenye mnara wa mchezo, na inamwita zamu yake ikifika. Sheria yao ni kwamba unashika foleni moja tu kwa wakati mmoja. Bila sheria hiyo mtu mmoja anakuwa kwenye foleni nne, na kila foleni inaonekana ndefu mara nne. Kwenu kuna hatari ya ziada: vijana wajanja watachukua kadi za bure saa tisa na kuziuza saa kumi na mbili. Tarehe na muhuri wako juu ya kadi, na kufunga mkononi, vitamaliza ulanguzi huo karibu wote.

Anayechelewa mpokee kwa muda gani? Disney kwa miaka mingi walimpokea aliyechelewa na kikaratasi chake, mpaka mwaka 2012 walipoanza kushika muda. Wewe mpe robo saa baada ya muda wake kwisha. Zaidi ya hapo aende kwenye foleni ya kusimama. Kijana wa getini asijadiliane, na asiwe mpwa wako mwenye huruma. Mweke yule asiyejuana na watu.

Kuna athari moja ya foleni ya bure ambayo watu huisahau. Watoto 40 wasiosimama kwenye foleni ya treni hawajatoweka, wamo uwanjani. Watakwenda jumba la hewa na bembea, na huko ndiko foleni itakapoota. Ilitokea kwa FastPass: michezo midogo iliyokuwa inaingilika moja kwa moja ikaanza kuwa na mistari, kwa kuwa watu walikuwa wanapitisha muda. Kwako hiyo ni biashara, maana jumba la hewa nalo linalipiwa, lakini weka mtu wa pili pale, na kibanda chako kiwe na mafuta moto tangu kadi ya kwanza inapotolewa. Na kiti cha kukalia. Ukiwatoa watu kwenye foleni bila kivuli na benchi, umehamisha kero kutoka mstarini kwenda uani.

Mpaka hapa nimekwambia hakuna kadi inayozaa kiti. Kuna mstari mmoja wa kupita mbele unaozaa, na huo ndio ninaokuomba uanze nao hata kabla ya kadi. Tazama treni yako inavyoondoka. Kama viti vyako viko wawili wawili, familia yenye watoto watatu inachukua mabenchi mawili na kuacha nafasi moja tupu, kwa sababu hakuna anayetaka kumkalisha mtoto wake na mgeni. Hesabu nafasi hizo mzunguko kwa mzunguko. Zikiwa tatu kwa wastani, unatupa viti 18 kwa saa. Viwanja vikubwa vina mlango wa mpandaji wa peke yake kwa ajili hiyo. Mchezo wa Expedition Everest, pale pale Animal Kingdom, unao. Anayekubali kukaa popote, na yeyote, peke yake, anasimama kwenye mstari wake mfupi, na kijana wako anamchomeka palipo na pengo. Anapita mbele ya watu hamsini na hajamchukulia hata mmoja zamu yake, kwani kiti kile kingeondoka kitupu. Watoto wa miaka kumi na kuendelea wataupenda. Uite mstari wa mmoja mmoja, uandike kwenye ubao, na utaona akina mama wenyewe wakiuelewa ndani ya dakika tano.

La pili la namna hiyo ni kupakia. Mzunguko wako ni dakika 10, lakini naamini treni yenyewe haitembei zaidi ya sita au saba. Zilizobaki ni kukusanya tiketi, kuvua mikoba, kutafuta nani ni ndugu wa nani. Tengeneza kibanda cha kamba kabla ya treni, waingize watoto 20 wanaofuata wakiwa tiketi zimekwisha kukatwa, wapange kwa mabehewa wakati treni bado inazunguka. Washukao watoke upande wa pili. Ukiokoa dakika moja tu, mizunguko inapanda na watoto wanakuwa 133 kwa saa. Foleni ile ya 150 inashuka kutoka dakika 75 hadi chini kidogo ya 68. Hakuna kadi ya shemeji itakayofanya hivyo.

Watoto wenye ulemavu wapandishe mbele, pamoja na ndugu zao, bila kadi, bila malipo na bila kuwauliza maswali mbele ya watu. Najua utaogopa udanganyifu. Mwaka 2013 magazeti ya New York yaliandika kuhusu familia tajiri zilizokuwa zikikodi watu wenye ulemavu ili ziingie nao kwa mlango wa mbele pale Disney, na mwaka huo huo kampuni ikabadilisha utaratibu, ikawa mwenye ulemavu anapewa muda wa kurudi badala ya kuingia papo hapo. Hiyo ni Disney. Kwa ukubwa wa kiwanja chako, ukidanganywa mara mbili kwa siku umepoteza viti vichache tu. Wapandishe.

Shemeji akishikilia bado, na familia ni familia, mpe hivi: viti 2 kwa mzunguko, si zaidi, vya behewa la nyuma, wanaopandia upande wa pili wa kituo ambako foleni haioni. Waliosimama watabaki na viti 108 kwa saa, na mtoto wa mwisho wa foleni ya 150 atasubiri dakika 83 badala ya 75. Hiyo watu wanaivumilia. Kadi ziwe 12 kwa saa, zikiisha zimeisha, na mwenye kadi apande mara moja. Lakini mimi ningemshauri aiache, auze kitu ambacho si zamu ya mtu: saa tatu hadi saa nne asubuhi, kiwanja kizima kwa familia moja au madrasa moja, kwa bei ya jumla. Wenye uwezo watalipa vizuri kwa hilo kuliko kwa kadi ya 10,000, na hakuna aliyekuwa amesimama pale saa ile.

Mwisho, pima. Disney hutumia kadi nyekundu: mhudumu anampa mgeni anayejiunga na mkia wa foleni, inasomwa saa, na akifika mbele anairudisha. Fanya hivyo kila nusu saa kwa kadi ya kawaida na kalamu. Andika saa aliyopewa, andika saa aliyopanda. Muda huo ndio uandike kwenye ubao pale mkiani, na uongeze dakika 10 juu yake, maana aliyeambiwa saa moja akapanda kwa dakika 50 anashuka akicheka. Kadi hiyo ya kupimia ikirudi na dakika zaidi ya 80, simamisha viti vya shemeji mpaka ishuke. Zikizidi 100, punguza kadi za bure za nusu saa inayofuata kutoka 40 hadi 30, ili foleni ya kusimama ipate viti 30 na ianze kusogea tena.